Badilisha Kibao, Usiguse Kitasa

Januari 8. 151 kwa 93.

Daktari amenipa daftari hili niandike presha yangu kila asubuhi mpaka nitakaporudi kwake mwezi wa tano. "Namba tu, Bwana Batiste," kasema. Anamwambia nani! Mimi Cleophus Batiste nimeizunguka dunia mara mbili na nusu kwenye manowari, nimekula pweza Naples, nimeng'olewa jino kwa ngumi Manila, na sijawahi kutaja namba bila kueleza ilivyofika pale. Shule niliiacha darasa la kumi, lakini maneno sikuyaacha huko.

Basi habari ya 151 ni hii. Sheria mpya ya jimbo imeanza kazi wiki iliyopita. Chuo cha umma kisiwe na ofisi ya kuhudumia watu kwa kufuata rangi na asili zao, wala kisimlipe mtu kwa kazi hiyo. Hapa chuoni Caddo Bend ofisi ya namna hiyo ni moja tu, nyumba ya mbao yenye baraza nyuma ya maktaba, chini ya mpekani, ule mti mkubwa wa kokwa. Kibao kinasema Kituo cha Tamaduni Mbalimbali. Sisi tunaiita Nyumba ya Mpekani, na mwenyewe ni Bi Verlene Guidry, miaka ishirini na sita sasa.

Kila mwanafunzi mpya ambaye kwao hakuna aliyewahi kukanyaga chuo, Bi Verlene humpa ufunguo wa mlango wa mbele. Ufunguo hasa, wa shaba, wa kufungulia. Aingie akiwa na njaa, akiwa na hesabu zimemshinda, akiwa analia. Akimaliza masomo anaurudisha Siku ya Funguo, siku mbili kabla ya mahafali, unatundikwa ukutani na jina lake chini. Na nani amezichonga funguo zote hizo? Fundi vitasa wa chuo. Mimi. Zimepita mia saba. Sijawahi kuchonga hata mmoja uliokwama.

Januari 9. 149 kwa 92.

Barafu. Chuo kimefungwa. Mke wangu Nettie kaniambia nisishuke ngazi za mbele. Nimeshuka. Nimeanguka.

Januari 15. 147 kwa 90.

Dokta Prentiss Colquitt, makamu wa rais wa chuo, amekuja Nyumba ya Mpekani. Nilikuwepo, narekebisha bawaba ya kabati. Prentiss ni mtoto wetu. Ufunguo wake ni wa kumi na mbili ukutani. Alikuja hapa na suruali mbili na sanduku lililofungwa kwa kamba. Leo anavaa suti, na mimi nikimwona nafurahi kama nimeishona mwenyewe.

"Bi Verlene," kasema, "wanasheria wanataka jina libadilike. Litaitwa Kituo cha Jamii na Mafanikio. Mlango wazi kwa wote."

"Ulifungwa lini?" Bi Verlene akamuuliza. "Sheria nimeisoma, Prentiss. Kurasa saba. Hakuna palipoandikwa kwamba mtoto asiyejua kujaza fomu asielekezwe. Hapa anaingia yeyote. Hata binti yake Rusty, bosi wa Cleo huyu, aliingia, na Rusty bampa la gari lake lote limejaa karatasi zenye majina ya hao hao walioitunga sheria."

"Najua, mama. Jina tu. Tukitoa jina, watatuacha."

Nikaona wasomi wanahangaika, nikawasaidia. Nikawaambia, jamani, kwenye manowari kila akija mkubwa mpishi alikuwa anaibadilishia supu jina. Supu ile ile, sufuria lile lile, mkubwa analamba kijiko. Badilisha kibao, usiguse kitasa.

Prentiss alicheka mpaka akavua miwani. Bi Verlene hakucheka. "Cleo," kasema, "umetia komeo milango yote ya chuo hiki, ukasahau mdomo wako."

Maneno hayo ananiambia tangu mwaka wa kwanza. Siku hizi nayasikia kama salamu.

Januari 22. 146 kwa 90.

Karakana ya vibao ilifungwa zamani, kwa hiyo vibao navyo ni vyangu. Nimetoa cha zamani, nimepiga kipya. Rusty Hollub, msimamizi wangu, alinishikia ngazi.

"Sasa huko ndani watabadilika?" akaniuliza.

"Binti yako alibadilika?"

"Alipata kazi Dallas."

"Basi nyamaza ushike ngazi."

Akanyamaza akashika ngazi. Rusty na mimi tumebishana miaka kumi na tisa na hatujapigana bado. Mimi namwambia kura yake ina kutu, yeye ananiambia yangu ina deni la shukrani. Saa sita tunakula pamoja.

Januari 30. 146 kwa 89.

Gumbo. Watoto hamsini barazani wanakula huo mchuzi mzito wa Bi Verlene na mvua inanyesha. Namba imeshuka. Daktari aandike gumbo kwenye cheti.

Februari 11. 144 kwa 88.

Leo nimepata rafiki. Nilikuwa kwenye ngazi nakaza parafujo za kibao kipya, maana upepo wa juzi ulikilegeza, akaja mama mmoja wa makamo, koti la kijani, kikombe cha kahawa mkononi. Ana heshima zake. Anasema binti yake atajiunga hapa msimu wa vuli, naye ana wasiwasi.

"Nasikia zamani palikuwa na kituo cha kuwasaidia watoto kama wangu," kasema. "Nasikia sheria imekifunga."

Sura yake imeingia huzuni. Na mimi mtu akiingiwa na huzuni mbele yangu, lazima nimtoe humo. Nikashuka ngazi. Nikamwambia, mama, usilie kabla ya msiba. Hicho ni kibao tu. Ndani ni mtu yule yule, sufuria lile lile, mambo yale yale. Wakubwa wanabadilisha jina, sisi tunaendelea. Na aliyewafundisha ni mimi hapa: badilisha kibao, usiguse kitasa!

Akacheka vizuri sana. "Kwa hiyo hakuna kilichobadilika?"

"Hata kijiko, mama."

Akaniuliza jina la mkuu wa nyumba, nikamtajia, na nikamwonyesha dirisha la ofisi yake. Kikombe chake alikuwa amekishikilia juu, usawa wa kifua, wala hakunywa hata tone. Nikamwambia kahawa yako itapoa. Kasema anaipenda baridi.

Naples kuna watu wanakunywa kahawa baridi. Nilimwambia hilo pia.

Februari 20. 145 kwa 88.

Hakuna jambo.

Machi 3. 148 kwa 90.

Vumbi la njano la misonobari limefunika magari yote. Itzel Zavala, wa mwaka wa nne uuguzi, ameandika kwenye kioo cha gari langu NIOSHE MJOMBA. Huyu Itzel wazazi wake ni wa bondeni kule mpakani, wanavuna vitunguu. Alipopewa ufunguo mwaka wa kwanza alilala nao umefungwa kwenye kiganja. Sasa hivi anajua kuchoma sindano kuliko daktari wangu, na mdomo anao.

"Mjomba, presha ngapi leo?"

"Mia na arobaini na nane."

"Punguza chumvi."

"Nitapunguza urafiki na wewe kwanza."

Machi 6. 153 kwa 94.

Prentiss kaleta neno jipya. Wanasheria wanasema ukuta wa funguo nao ni tatizo. Majina mia saba, wengi wao Guillory na Villarreal na Washington, majina ya weusi na Walatino, ukuta unaonekana kama orodha ya watu waliopendelewa. Ufunikwe.

"Ufunguo wa binti yake Rusty uko pale," Bi Verlene akasema. "Wako uko pale."

"Si kuondoa, mama. Kufunika tu. Tuwape hiki, watatuacha."

Mimi nimepiga mbao. Karatasi mbili za plaiwudi, parafujo ishirini na nne. Nilijisemea hiki pia ni kibao, kitasa hakijaguswa. Lakini nilipomaliza Bi Verlene aliweka kiganja juu ya ile plaiwudi, akaniuliza kama inahitaji rangi. Sikuwa na mzaha wa kumjibu. Nimeandika hapa kwa sababu ni mara yangu ya kwanza.

Machi 16. 150 kwa 92.

Likizo ya wiki moja. Miti yote imechipua isipokuwa mpekani. Mama yangu alikuwa akisema mpekani ndio mti pekee usiodanganyika na jua la mapema. Binadamu anavua sweta, mpekani unangoja.

Machi 24. Sikupima asubuhi. Jioni 171 kwa 102.

Itzel kaja karakana saa nne, simu mkononi, hajatania chochote kuhusu chumvi.

"Mjomba Cleo, kaa kwanza."

"Nikikaa sitainuka, mwanangu. Sema."

"Kaa."

Nikakaa. Akaniwekea simu juu ya meza, katikati ya matupa na vumbi la shaba.

Ni video ya sekunde arobaini na moja, imepigwa kutoka usawa wa kifua, pale pale kilipokuwa kile kikombe cha kahawa baridi. Juu imeandikwa kwa herufi nyekundu, MTUMISHI WA CHUO AKIRI: TUNAIKWEPA SHERIA. Imetolewa na kundi fulani lenye bendera kwenye nembo yake. Uso wameufunika ukungu, kwa heshima nadhani. Lakini mikono ni yangu. Pete ya meli ni yangu. Bunda la funguo kiunoni ni langu, hakuna mtu mwingine jimbo zima anayetembea na bunda lile. Na sauti, sauti ambayo nimekuwa nikijisifu kwamba inasikika kutoka sitaha ya juu mpaka chumba cha injini, inasikika vizuri sana.

Ndani ni mtu yule yule. Sufuria lile lile. Badilisha kibao, usiguse kitasa.

Kisha jina lake. Verlene Guidry. Nimelitamka vizuri, na kidole changu kinaonyesha dirisha.

Hawakuonyesha mahali niliposema usilie kabla ya msiba. Hawakuonyesha kwamba yule mama ndiye aliyekuwa karibu kulia. Nikacheza video ile mara tano, nikitafuta walipodanganya. Hawakudanganya popote, na hilo ndilo linalonichoma. Kila neno nililisema, na nililisema kwa kufurahi.

"Labda hawatajua ni nani," Itzel kasema.

Simu ya mezani ikalia. Rusty. "Batiste," kasema, "nimeiona. Usiongee na mtu." Baada ya miaka kumi na tisa ananiambia leo.

Machi 25. 166 kwa 100.

Hakuna aliyenifukuza. Nilivaa shati safi nikijua nitaitwa. Hakuna aliyeniita.

Machi 27. 164 kwa 99.

Nimekwenda Nyumba ya Mpekani. Bi Verlene alikuwa anapanga fomu za wanafunzi kwenye maboksi. Nilisimama mlangoni na kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Bi Verlene, ile sauti..."

"Sauti yako naijua, Cleo. Nimeisikia miaka ishirini na sita. Nilijua kabla hujamaliza neno la kwanza."

"Alisema ana binti."

"Pengine anaye."

Nilingoja aniambie lile neno lake la komeo. Hakulisema. Ningempa kidole changu kimoja aliseme. Akanipa boksi nimsaidie kulibeba, nikalibeba. Tangu leo sitafungua mdomo kutoa siri ya nyumba ile kwa mtu yeyote. Nimeapa kwa jina la marehemu mama yangu.

Aprili 3. 160 kwa 97.

Barua imekuja kutoka kwa mheshimiwa mmoja wa baraza la jimbo. Anauliza chuo kinaficha nini kingine. Rusty anasema wakubwa wamekaa kikao kwa saa tano nzima. Mvua ya mawe. Dirisha la maabara limevunjika.

Aprili 9. 168 kwa 101.

Wamefunga. Kazi ya Bi Verlene imefutwa kuanzia tarehe thelathini. Haikuhamishwa wala haikubadilishwa jina. Nyumba itaitwa Jengo la 40, iwe stoo ya viti vya mahafali. Siku ya Funguo haipo.

Aprili 10. 170 kwa 101.

Nimekwenda kwa Prentiss bila miadi. Karani wake alitaka kunizuia, nikamwambia kitasa cha mlango huu nilikitia mimi, dada, na nikitaka naingia hata ukiwa umefungwa. Prentiss akasikia, akasema aniache.

"Nifukuze mimi," nikamwambia. "Niliyesema ni mimi. Bi Verlene hakusema hata neno."

"Mjomba Cleo, hakuna anayekutafuta wewe. Wewe ni fundi."

Alikuwa na nia njema, naapa. Lakini nimepigwa Manila nikaumia kidogo kuliko hapo.

"Sheria inasema nyumba ifungwe?"

Akazungusha kalamu. "Haisemi."

"Sasa?"

"Wanasheria wanasema tuache nafasi kati yetu na sheria. Kama ukuta uko hapa, sisi tusimame kule. Mjomba, sikiliza. Wakikasirika wanakata fedha za chuo kizima. Maktaba, wauguzi, kila kitu. Nimefunga nyumba moja kuokoa mengine."

"Ulisema ukitoa jina watatuacha. Tukatoa jina. Ulisema ukifunika ukuta watatuacha. Nikaufunika. Mwanangu, hawa si watu wa kuacha. Umempa mbwa mfupa mara ngapi akashiba?"

Akasema kwa sauti ya chini, "Na wewe ulikipa kikombe cha kahawa hotuba nzima."

Hilo nilistahili. Nikatoka. Ngazini nikakumbuka sanduku lake lile la kamba. Nililibeba mimi, siku ya kwanza, kutoka kituo cha basi.

Aprili 17. 162 kwa 98.

King'ora cha kimbunga, saa nane mchana. Tumejificha choo cha chini ya karakana, mimi na Rusty na ndoo. Kasema, bila kunitazama, "Kaylee wangu kanipigia kutoka Dallas. Anauliza ufunguo wake uko wapi." Nikageuza ndoo nikaikalia. Kasema, "Sikuipigia kura ile nyumba ifungwe." Nikamwambia, uliipigia. Kimbunga kilipita mbali.

Aprili 18. 159 kwa 97.

Mpekani umechipua.

Aprili 28. 161 kwa 98.

Nimefungua plaiwudi ili ukuta wa funguo upelekwe ghala la kumbukumbu. Parafujo ishirini na nne. Msumari wa kumi na mbili, wa Prentiss, ulikuwa mtupu, na moja ya parafujo zangu ilikuwa imerudishwa kombo, na mtu asiyejua kazi.

"Alikuja jana," Bi Verlene kasema. "Aliomba bisibisi na dakika tano."

"Ukampa?"

"Ni wake, Cleo. Nilimpa ili arudi nao siku akitaka."

Aprili 30. 165 kwa 100.

Siku yake ya mwisho. Anahamia Beaumont kwa dada yake. Ufunguo wake, ule wa kwanza kabisa niliouchonga, amenikabidhi mimi kwa sababu karatasi inasema ukabidhiwe kwa fundi vitasa. Nimeweka sahihi kwamba nimeupokea. Mwandiko wangu uligeuka wa mtoto.

Watoto wameamua watakuja tu tarehe saba, Siku ya Funguo ipo au haipo. Wa mwaka wa nne thelathini na wanne. Itzel amewaandikia wote. Bi Verlene amesema atakuwepo, lakini atasimama ng'ambo ya barabara, maana si mtumishi tena.

Mei 4. 163 kwa 99.

Hati ya kazi imekuja: badilisha moyo wa kitasa, Jengo la 40, kabla ya tarehe saba. Moyo ndio kile kiini cha shaba kinachoingiwa na ufunguo. Ukikibadilisha, funguo zote za zamani ni takataka.

Rusty kaisoma kabla yangu. "Nitafanya mimi," kasema. "Nenda nyumbani, sema unaumwa. Presha unayo."

"Wewe utakwaruza mlango."

"Batiste. Nakuomba uniachie hii."

Nilitazama gari lake nyuma yake. Alikuwa amebandua karatasi za kwenye bampa lake. Pamebaki gundi na uchafu. Nikamwambia asante, kaka, lakini kitasa hiki nilikitia mimi na nitakigusa mimi.

Mei 5. 158 kwa 96.

Nimebadilisha moyo. Mpya kabisa, kutoka kwenye boksi, namba yake imeandikwa kwenye hati, Prentiss amepata nakala yenye sahihi ya Rusty. Kila kitu ni halali.

Lakini moyo mpya huja mtupu. Vipini vidogo vya shaba ndani yake anavipanga fundi, virefu na vifupi, kufuata meno ya ufunguo anaotaka. Nami nilikaa karakana na ufunguo wa Bi Verlene mbele yangu, nikavipanga kimoja kimoja kufuata meno yale yale ya miaka ishirini na sita.

Nimebadilisha kitasa. Sikugusa chochote.

Funguo zote thelathini na nne zitafungua mlango ule kama jana. Ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na sijamwambia mtu. Sikumwambia Rusty. Sikumwambia hata Nettie, ambaye nilimwambia mpaka habari ya msichana mmoja wa bandari ya Piraeus. Nimeapa na nitatimiza. Tena hakuna haja. Mtu mwenye ufunguo mfukoni hapiti mlango wake bila kuujaribu. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na tisa, nawajua watu na milango.

Mei 7. Sikupima.

Saa kumi jioni. Jua kali baada ya mvua. Barazani wameweka utepe wa manjano, na Delbert, askari wa chuo, kijana niliyemfungulia gari lake mara sita, amesimama chini ya mpekani akiona haya. Ruhusa aliyopewa ni wafike mpaka mlangoni, wasiingie. Mlangoni pamebandikwa karatasi. Mimi nilisimama pembeni na boksi la vifaa, kama niliyekuja kwa jambo jingine.

Walikuja wote thelathini na wanne, na majoho mikononi. Wazazi wengine walikuja, na kofia zao za kanisani, na wadogo zao. Ng'ambo ya barabara Bi Verlene, gauni la zambarau, mkoba umeshikwa kwa mikono miwili.

Itzel alikuwa wa kwanza. Alipanda ngazi tatu, akasimama mbele ya mlango. Ufunguo ulikuwa mkononi. Ulikuwa shubiri moja kutoka kwenye tundu.

Akasoma karatasi. Ni barua pepe ile ile ambayo Prentiss aliwatumia wote asubuhi, nami sikuijua: vitasa vya Jengo la 40 vimebadilishwa, funguo za zamani hazifanyi kazi, tafadhali msijaribu.

Jaribu, mwanangu. Nililisema moyoni. Weka tu. Zungusha.

Akanitazama. Alinitazama vizuri, kama anayeniuliza swali. Neno lilikuwa moja tu, silabi tatu. Lakini simu zilikuwa juu, simu arobaini, hamsini, kila mtu anarekodi, na mimi nikaona koti la kijani kwenye kila mkono. Nikajisemea nikifungua mdomo, kesho itakuwa video, keshokutwa watang'oa mlango wenyewe na Rusty atafukuzwa kwa sahihi yake. Nikajisemea nimeapa. Nikatazama viatu vyangu.

Itzel akainama, akaweka ufunguo kwenye kizingiti. Akashuka. Akaja wa pili, akaweka wake juu ya huo. Wa tatu. Hakuna aliyejaribu. Watoto waliojaribu mitihani, waliojaribu benki na fomu na walimu waliowaambia wajaribu chuo kingine, wamefika kwenye mlango wao wenyewe, wenye kitasa chao wenyewe, wakaamini karatasi. Baba yake Itzel alivua kofia wakati binti yake anashuka, kama mazikoni.

Walipomaliza walivuka barabara kumkumbatia Bi Verlene mmoja mmoja. Ilichukua muda. Delbert akaniambia, "Bwana Batiste, hizi funguo nifanyeje?" Nikaleta ndoo.

Watu walipoondoka nilipanda ngazi na ndoo. Nikachukua ufunguo wa juu kabisa, nikaweka, nikazungusha. Ukafungua. Nikafunga. Nikachukua wa pili. Ukafungua. Nilijaribu zote thelathini na nne, mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja uliokwama. Ndani viti vya chuma vimepangwa mpaka darini.

Mei 8. Sikupima.

Nilikwenda kwa Bi Verlene kabla lori la kuhama halijafika. Nikaweka ndoo kwenye sakafu ya jikoni. Nikamweleza yote, vipini, meno, hati. Alisikiliza amekaa juu ya boksi. Kisha akacheka. Alicheka hadi akajishika ubavu, na mimi nikacheka, na kwa muda kidogo ilikuwa kama siku ya gumbo.

Akafuta macho.

"Ungewaambia."

"Niliapa, Bi Verlene. Nilitia komeo. Kama ulivyokuwa ukiniomba."

Akaokota ufunguo mmoja kwenye ndoo, akaugeuza. Hakukuwa na kicheko tena usoni.

"Miaka ishirini na sita nakuomba ufunge huo mdomo, Cleo," kasema. "Na siku uliyoichagua ni jana."

Lori likapiga honi. Nikambebea maboksi.

Mei 12. 169 kwa 101.

Kwa daktari. Kapitia namba zangu kwa kidole, akasimama hapa, akasimama pale. Kurasa zote hizi, kasema, maandishi yote haya. Mwezi wa tatu kulitokea nini? Na hii tarehe saba ambayo hukupima?

Nikamwambia: wewe ulitaka namba tu, daktari.